Virchow: Daktari aliyeiandikia serikali dawa ya shule, barabara na kodi

MNAMO Februari 1848, serikali ya Prussia ilimtuma daktari wa umri wa miaka 26 katika jimbo la Silesia ya Juu, ambako njaa na homa kali zilikuwa zikiwaangamiza wakulima. Alitumwa kuchunguza ugonjwa. Ripoti aliyorejea nayo iliishtaki serikali yenyewe.

Daktari huyo, Rudolf Virchow, alizaliwa Oktoba 13, 1821, katika mji mdogo wa Schivelbein, Pomerania, eneo ambalo leo limo nchini Poland. Babake alikuwa mkulima. Alisomea udaktari jijini Berlin kwa ufadhili wa jeshi, akahitimu 1843, kisha akaajiriwa katika hospitali ya Charité.

Huko Silesia alikaa takriban majuma matatu. Alikuta familia zikibanana katika vibanda vibovu baada ya mavuno kuharibika, huku mashamba makubwa yakiwa mikononi mwa makabaila. Shule zilikuwa chache, na shughuli za serikali ziliendeshwa kwa Kijerumani ilhali wengi wa wakazi walizungumza Kipolandi. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba homa hiyo huenezwa na chawa. Jambo hilo lilithibitishwa 1909.

Hata hivyo, Virchow alitambua ni kwa nini ugonjwa uliwaua maskini kuliko wengine. Alipendekeza elimu kwa wote, lugha ya wenyeji itumiwe rasmi, barabara zijengwe, kilimo kiboreshwe, maskini wapunguziwe kodi na wananchi wapewe uhuru wa kujitawala. Kwa mtazamo wake, wanaosimamia fedha, elimu, kilimo na ujenzi walikuwa na dhima kwa mgonjwa sawa na daktari.

Msimamo huo ulimgharimu. Machi mwaka uo huo alijiunga na wanamapinduzi jijini Berlin, na baadaye akaanzisha jarida la kutetea mageuzi ya afya. Mapinduzi yalipozimwa, aliandamwa na wakuu wa serikali hadi akauacha mji huo 1849. Jarida lake likafa. Alihamia Chuo Kikuu cha Würzburg.

Aliitwa tena Berlin 1856 kuwa profesa wa patholojia. Kitabu chake cha 1858, kilichoeleza kuwa maradhi huanzia katika seli za mwili, kilimpa sifa duniani kote.

Lakini Virchow hakujifungia katika maabara. Mwaka 1859 alichaguliwa diwani wa Berlin, wadhifa alioushikilia hadi kufa. Alikuwa pia mbunge wa Prussia, na 1865 alikataa mwito wa Otto von Bismarck wa kupigana naye kwa silaha kufuatia mzozo wao bungeni.

Ni katika baraza la jiji ambapo fikra za Silesia zilizaa matunda. Majitaka ya Berlin yalikuwa yakipita katika mitaro ya wazi kando ya barabara. Virchow alitetea mpango wa mhandisi James Hobrecht wa kuyapitisha chini ya ardhi na kuyasukuma hadi mashamba ya nje ya jiji. Ujenzi ulianza 1873. Alipigania pia ukaguzi wa nyama ya nguruwe, iliyokuwa ikieneza minyoo hatari, na kichinjio kikuu cha jiji kikafunguliwa 1881. Aidha, alichunguza jinsi madarasa mabovu yanavyodhuru afya ya wanafunzi, na kuunga mkono ujenzi wa hospitali za umma.

Hakukosa dosari. Alisitasita kukubali kwamba vijidudu ndivyo chanzo cha maradhi mengi, hata wenzake walipoleta ushahidi. Ajabu ni kuwa mabomba aliyoyatetea yaliwakinga wakazi dhidi ya vijidudu hivyo hivyo.

Virchow alifariki Septemba 5, 1902, miezi minane baada ya kuvunjika mguu aliporuka kutoka kwa tramu.

Mwaka 2013, mkutano wa Shirika la Afya Duniani (WHO) mjini Helsinki, Finland, ulizitaka serikali zizingatie afya katika maamuzi ya kila wizara. Miaka 165 ilikuwa imepita tangu ripoti ya Silesia iwasilishwe na kupuuzwa.