Claude Ake: Msomi aliyeondoka kwenye meza ya Shell

Novemba 10, 1995, mwandishi Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane walinyongwa katika gereza la Port Harcourt, kusini mwa Nigeria. Katika mji huohuo, Profesa Claude Ake alikuwa na uamuzi wa kufanya, na hakuchelewa.

Ake alikuwa kwenye kamati iliyosimamia utafiti mkubwa wa mazingira ya Delta ya Niger. Aliyeuanzisha utafiti huo na kutoa pesa ni Shell, kampuni ileile iliyokuwa ikilalamikiwa na wananchi kwa mafuta yaliyomwagika kwenye mashamba na mito yao. Mwezi huohuo, Ake akajiuzulu.

Kukaa kwenye meza ya namna ile kulikuwa na mantiki yake. Takwimu zinahitajika, na anayezijua siri za mabomba ni mwenye mabomba. Ila ripoti inayolipiwa na mtuhumiwa, nani ataiamini?

Swali hilo lilimfuata Ake karibu maisha yake yote.

Alizaliwa mwaka 1939 huko Omoku, eneo ambalo leo ni Jimbo la Rivers, kwenye ardhi yenye mafuta. Mwaka 1966 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Akafundisha Canada, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaja Afrika Mashariki: kwanza Nairobi, kisha Dar es Salaam, wakati ambao Walter Rodney naye alikuwa palepale Mlimani.

Mwaka 1979 alitoa kitabu kilichowakera wengi. Hoja yake ilikuwa kwamba elimu ya jamii iliyokuwa ikitoka Magharibi haikuwa sayansi isiyo na upande, bali ilibeba maslahi ya wenyewe, na Waafrika walikuwa wakiimeza nzima nzima.

Katika miaka ya 80 aliongoza CODESRIA, baraza la watafiti wa Afrika lenye makao yake Dakar. Lakini kusema ni kitu kimoja, kuwa na nyumba yako ni kingine. Nigeria ilianza mpango wa kubana matumizi mwaka 1986, vyuo vikuu vikachacha, na wahadhiri wakaanza kuishi kwa tafiti za kukodiwa: mfadhili analeta swali, msomi analeta jibu.

Mwaka 1991 Ake akafungua kituo chake cha utafiti wa sera, CASS. Hakukiweka Lagos wala Abuja, karibu na wakubwa. Alikiweka Port Harcourt, jirani na watu wa vijiji vya mafuta.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Kituo kama kile kinakula kwa nani? Serikali ilikuwa ya kijeshi. Kampuni za mafuta zilikuwa na pesa, na pia zilikuwa na kesi za kujibu mbele ya wananchi. Wafadhili wa nje nao wana ajenda zao.

Na ukishamaliza ripoti, unampelekea nani? Novemba 1993 Jenerali Sani Abacha alichukua madaraka na kulivunja bunge. Mlango wa kupeleka ushauri ukafungwa.

Kuna kejeli moja hapa. Mwaka 1996 Ake alitoa kitabu kuhusu demokrasia na maendeleo, akidai kwamba maendeleo ya Afrika hayakushindwa, bali watawala hawakuwahi kuyaweka kwenye mipango yao kwa dhati. Mchapishaji? Taasisi ya Brookings, kituo kikongwe cha sera kilichopo Washington.

Novemba 7 mwaka huohuo, ndege ya shirika la ADC iliyotoka Port Harcourt kwenda Lagos ilianguka. Watu wote 144 waliokuwemo walikufa, Ake akiwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 57.

Mwaka 2011, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao makuu Nairobi, lilitoa ripoti kuhusu Ogoni, nyumbani kwa Saro-Wiwa. Katika kijiji kimoja, visima vya kunywa vilikutwa na kemikali ya benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachoruhusiwa. Kusafisha eneo lote, ripoti ilisema, kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30.

Gharama za utafiti huo zililipwa na kampuni ya Shell ya Nigeria.