Bustani ya Sunnyside
Mwaka 1895, Ellen White, mjane aliyekaribia miaka 68, alikaa katika hema huko Cooranbong, Australia, akianza kulima. Benki nyingi zilikuwa zimefungwa mwaka 1893, na waumini wengi walikuwa na hali ngumu. Mtaalamu wa kilimo alikuwa amesema udongo wa eneo la shule ni duni. Hata hivyo, kabla nyumba yake ya Sunnyside haijakamilika, alipanda miti ya matunda na mboga. Ardhi ikazaa. Nyumba yake ikapata chakula, na majirani maskini wakasaidiwa. Mwaka 1897 shule ya Avondale ilifunguliwa katika ardhi ile iliyodharauliwa. Je, nyuma ya nyumba yako Bwana amekupa kipande gani cha ardhi ambacho hujakilima?