bpNichol: Mshairi Aliyesikiliza Herufi

Katika fakulte ya lugha tunazoea kuligawa neno: hapa mzizi, hapa kiambishi awali, hapa kiambishi tamati. Tunaligawa ili tufaulu mtihani, kisha tunalirudisha mahali pake. Huko Kanada aliishi mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote kwa sababu nyingine kabisa. Aliligawa neno mpaka ikabaki herufi moja, akaisikiliza herufi hiyo, akiamini kwamba ndani yake kuna njia ya kumfikia mwenzake. Jina lake ni Barrie Phillip Nichol. Wasomaji wanamjua kwa jina alilojiandikia mwenyewe, bpNichol, herufi mbili ndogo zikiwa zimeshikana na jina la ukoo bila nafasi katikati.

Utoto na masomo

Alizaliwa tarehe 30 Septemba 1944 mjini Vancouver, kwenye pwani ya magharibi ya Kanada. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa shirika la reli, na kazi hiyo ikaihamisha familia mara kadhaa. Sehemu ya utoto wake aliipitisha Winnipeg, katika mtaa wa Wildwood Park. Huko sehemu za mtaa hazikuwa na majina bali herufi, kwa mfuatano wa alfabeti, na nyumba ya akina Nichol ilikuwa katika sehemu ya H. Kwa mtoto anayejifunza kusoma, herufi hiyo ikawa mahali pa kukaa: ukipotea njia, unaitafuta H, nawe umefika nyumbani. Alipokuwa mtu mzima aliendelea kuipenda kuliko herufi zote, na inarudi tena na tena katika michoro na mashairi yake.

Mwaka 1963 alipata cheti cha ualimu wa shule ya msingi katika Chuo Kikuu cha British Columbia, akafundisha watoto kwa muda mfupi tu. Alikuwa kijana mwenye huzuni nzito, na mashairi aliyoandika wakati huo yalizunguka maumivu yake mwenyewe. Mwaka 1964 alihamia Toronto, akapata kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Toronto. Katika mji huo alianza tiba ya mazungumzo kwa Lea Hindley-Smith, mwanamke ambaye baadaye wagonjwa na wanafunzi wake walijikusanya kuwa jumuiya iliyoitwa Therafields. Nichol aliingia akiwa mtu wa kutibiwa. Baada ya miaka michache yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wale wanaotibu, na akawa mmoja wa viongozi wa jumuiya hiyo. Kazi hiyo aliifanya mpaka miaka ya 1980 mwanzoni.

Wengi wanaomsoma huipita haraka habari hii. Lakini bila kujua kwamba kwa miaka mingi mtu huyu alikaa kitini akisikiliza watu waliokosa maneno, huwezi kuelewa kwa nini mashairi yake yana kigugumizi, kimya na sauti zisizo na maana katika kamusi.

Kuanza upya

Karibu na umri wa miaka ishirini Nichol aliyatazama mashairi yake, akaona kasoro. Alikuwa anailazimisha lugha. Alikuja kwake na jambo tayari kichwani, na lugha ikawa punda wa kubeba mzigo. Basi akaamua kuweka kando namna hiyo ya kuandika na kujifunza upya tangu mwanzo: herufi ina umbo gani, sauti ina uzito gani, ukurasa mweupe unasema nini.

Hapo ndipo alipofanya shairi la kuonekana, ambalo maneno yake hupangwa kama picha, msomaji akalitazama kabla ya kulisoma. Mashairi ya namna hiyo yalikuwa yakiandikwa Ulaya na Brazili, na Nichol akapata haraka marafiki wa kuandikiana nao nje ya nchi. Mwaka 1965, pamoja na rafiki yake wa maktaba David Aylward, alianzisha jarida dogo la Ganglia. Mwaka 1967 likafuata jarida jingine, grOnk. Yalikuwa machapisho ya gharama ndogo, mengi yakitumwa kwa posta kwa wale waliopenda kazi za aina hiyo.

Mwaka huo wa 1967 nyumba ya uchapaji ya Coach House ya Toronto ilitoa kazi yake iitwayo Journeying & the returns. Ilikuwa pakiti badala ya kitabu cha kawaida. Ndani yake kulikuwa na kitabu kidogo cha mashairi, bahasha ya mashairi ya kuonekana, na sahani ya santuri yenye sauti yake. Pakiti ilibeba pia tamko fupi aliloliandika Novemba 1966. Alieleza humo kwamba shairi la desturi ni njia moja tu kati ya njia nyingi za kunyoosha mkono na kumgusa mtu mwingine, na kwamba mshairi anapaswa kutafuta milango mingi kadiri awezavyo. Ukilisoma tamko hilo pamoja na habari ya Therafields, unaona kwamba majaribio yake yote yalikuwa na shabaha moja.

Tuzo na kelele za bungeni

Mwaka 1970 alikuwa na umri wa miaka 26 tu, na matunda yakaiva kwa pamoja. Alipewa Tuzo ya Gavana Mkuu, mojawapo ya tuzo kubwa katika fasihi ya Kanada, kwa vitabu vinne: Still Water, Beach Head, The True Eventual Story of Billy the Kid, na The Cosmic Chef, mkusanyo wa kazi za washairi mbalimbali aliouhariri yeye. Kwa mwaka huohuo alituzwa pia Michael Ondaatje, aliyeandika naye juu ya jambazi huyohuyo wa Marekani, Billy the Kid. Ondaatje alikuwa tayari amevutiwa na Nichol, akatengeneza filamu fupi juu yake iitwayo Sons of Captain Poetry.

Tuzo ilileta maneno. Kijitabu cha Billy the Kid kilikuwa cha kurasa chache, chenye mzaha wa kihuni juu ya maumbile ya jambazi huyo, na habari hiyo ikafika bungeni Ottawa. Waliolalamika walitaka kujua kwa nini heshima ya taifa itolewe kwa kitu kama hicho. Ukikisoma leo unaona kwamba chini ya mzaha kuna hoja: hadithi za mashujaa na majambazi hutungwa na uvumi, na anayejidai kusimulia ukweli wa mwisho naye anaongeza uvumi wake.

Nichol hakupoteza muda kujibu kelele. Mwaka huohuo wa 1970 alijiunga na Steve McCaffery, Rafael Barreto-Rivera na Paul Dutton kuunda kundi la The Four Horsemen. Wanaume hao wanne walisimama jukwaani bila ala yoyote, wakafanya mashairi kwa koo, pumzi, vilio, vicheko na silabi zilizopishana. Wanne walipaswa kusikilizana kila wakati, maana mmoja akikosea pumzi, shairi lote linaanguka. Mwaka 1972 walitoa santuri yao iitwayo CaNADAda. Pamoja na McCaffery, Nichol aliandika pia makala za nadharia juu ya kitabu, ukurasa na tafsiri, kwa jina la Toronto Research Group.

Watakatifu waliotoka katika maneno

Kazi yake kubwa ni utenzi mrefu uitwao The Martyrology. Chanzo chake ni mchezo. Katika Kiingereza, kama katika Kifaransa tunachokijua, cheo cha mtakatifu hufupishwa kwa herufi s na t. Nichol na Aylward waligundua kwamba maneno mengi ya kawaida ya Kiingereza huanza kwa herufi hizo mbili. Likate neno la dhoruba, storm, baada ya herufi ya pili, naye anatokea mtakatifu mmoja, Saint Orm. Likate neno la mgomo, strike, unampata Saint Rike. Sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji kushawishiwa sana. Badili silabi ya kwanza tu, mtu anakuwa kitu, au anakuwa utu. Umbali mkubwa kama huo umebebwa na kiambishi kimoja.

Mwingine angecheka na kuuacha mchezo hapo. Nichol aliwapa watakatifu hao maisha, huzuni na safari, akaongea nao kama mtu anayesali bila kujua kama anasikiwa. Vitabu vya 1 na 2 vilitoka mwaka 1972, vya 3 na 4 mwaka 1976, cha 5 mwaka 1982, cha 6 mwaka 1987. Kadiri utenzi unavyoendelea, watakatifu wanarudi nyuma na watu halisi wanaingia: marafiki, wazazi, mke wake Eleanor, binti yake Sarah aliyezaliwa mwaka 1981. Katika kitabu cha 5 shairi linagawanyika katika minyororo, na kila njia panda msomaji huchagua mwenyewe aendelee wapi. Mwandishi aliyeanza kwa kuvunja maneno alifika mahali pa kuandika juu ya ndoa, watoto na kifo, bila kuacha kuvunja maneno.

Riwaya, watoto na kompyuta

Katika nathari hakutulia pia. Alitoa Two Novels mwaka 1969 na Journal mwaka 1978. Riwaya yake Still, iliyotoka mwaka 1983, iliandikwa kwa ajili ya shindano ambalo mwandishi hupewa siku tatu tu kumaliza riwaya, naye akashinda. Humo maelezo ya nyumba na vitu vyake yanapokezana na mazungumzo ya watu wawili wanaopendana na kutoelewana. Selected Organs, ya mwaka 1988, ni habari za maisha yake zilizopangwa kwa kufuata viungo vya mwili.

Mtu huyohuyo aliandikia watoto vitabu, na aliandika vipindi vya Fraggle Rock, mchezo wa vikaragosi wa Jim Henson uliotengenezwa Toronto na kuonyeshwa katika nchi nyingi. Alifundisha uandishi katika Chuo Kikuu cha York. Mwaka 1984 alitoa First Screening, mashairi 12 aliyoyaandika kwa lugha ya programu ya BASIC kwenye kompyuta ya Apple. Maneno yake yanasogea, yanabadilika na kupotea kwenye skrini. Nakala zilikuwa 100, juu ya diski laini. Mashine za aina ile zilipoachwa, mashairi hayo hayakusomeka tena kwa urahisi, mpaka mwaka 2007 waandishi wenzake walipoyarudishia uhai na kuyaweka kwenye intaneti.

Kifo na urithi

Kwa miaka mingi Nichol aliteswa na maumivu ya mgongo. Uvimbe ulipatikana kwenye uti wa mgongo, akapasuliwa mjini Toronto, na hakupona. Alifariki tarehe 25 Septemba 1988, siku tano kabla ya kutimiza miaka 44. The Martyrology haikuwa imefungwa. Vitabu vya mwisho vilitoka baada yake, mwaka 1990 na 1993, na kwa namna alivyoujenga utenzi ule, usingeweza kuwa na mwisho mwingine isipokuwa mwisho wa pumzi ya mtunzi. Leo kichochoro kilicho nyuma ya jengo la Coach House kinaitwa bpNichol Lane, na shairi lake fupi limechongwa katika saruji ya njia hiyo, wapita njia wakalikanyaga na magari yakapita juu yake.

Tumpime vipi? Si kazi zake zote zinazodumu. Baadhi ya mashairi ya kuonekana, ukiisha kuyaelewa mara moja, hayakuiti tena. Tena mwanafunzi wa kwetu ana haki ya kuuliza: katika nchi ambayo maneno yanahitajika kudai haki, kuomba msaada na kusimulia vita, je, kucheza na herufi si anasa?

Maisha ya Nichol yanatoa jibu linalostahili kupimwa. Aliyesikiliza wenye uchungu anajua kwamba sentensi iliyonyooka mara nyingi haifiki. Mtu anaanza, anakwama, anarudia silabi moja, ananyamaza. Ukimsubiri aongee kama kitabu cha sarufi, hutamsikia kamwe. Fasihi inayotoa nafasi kwa kigugumizi na kimya inatufundisha kusikia usemi wa mtu kabla haujawa sentensi. Sisi tunaojifunza kugawa maneno tuna zana zilezile alizokuwa nazo yeye, na Kiswahili chetu, chenye viambishi vyake na kuchanganyika kwake na lugha nyingine za mji, kinatoa kazi ya kutosha kwa masikio ya namna hiyo.