Kiprugut Chuma wa Kericho: Alishindwa, Hakwisha

Katika mabaraza yetu ya Pwani hakuna hukumu inayotolewa kwa urahisi kama ile ya kumwambia mwanamichezo kwamba amekwisha. Mchezaji mpira akikosa mabao mawili, au mkimbiaji akipitwa mara moja tu, watu humsomea hitima ilhali yu hai. Na aghalabu hakimu mwenyewe ameketi, kikombe cha kahawa mkononi, wala hajapata kukimbia ila siku alipoachwa na basi. Nami ni mmoja wa mahakimu hao, sijitoi.

Ndiyo maana nimependa leo tumkumbuke marehemu Wilson Kiprugut Chuma, mtu wa Kericho, Mkenya wa kwanza kuleta nyumbani nishani ya Olimpiki. Jina lake hilo la Chuma Wakipsigis wana maana yao, lakini msomaji wa Pwani hawezi kulisikia asifikirie chuma cha mhunzi. Tena huko kwao ni kwenye mashamba ya chai, ambako kutwa watu wanachuma. Mshairi akipewa jina kama hilo hana haja ya kutafuta vina.

Alizaliwa mwaka 1938. Kericho ya siku hizo ilikuwa kubwa kuliko ya leo, kwani Bomet ilikuwa bado ndani yake. Ilitengwa kuwa wilaya mbali mwaka 1992. Nchi yenyewe iko juu, mahali pengi yapata mita 2,000 na zaidi juu ya bahari. Asubuhi ni baridi, na alasiri mvua hunyesha kama iliyowekewa saa. Makampuni ya Kiingereza yalianza kupanda chai huko miaka ya 1920, na kijani kile kikatanda vilima kwa vilima hata jicho likachoka. Mtoto aliyekulia hewa ile nyembamba, akipanda na kushuka, kifua chake hufunzwa kazi mapema. Kiprugut akawa mwanajeshi, na jeshini ndiko mbio zake zilikopata nidhamu na saa ya kupimia.

Kenya ilipeleka wanariadha Melbourne mwaka 1956 na Roma mwaka 1960, wakarudi mikono mitupu. Nyandika Maiyoro wa Kisii alijitahidi sana katika mita 5,000, akawa wa saba kisha wa sita, lakini nishani hakupata. Mwaka 1964 ikaja zamu ya Tokyo, Kenya ikiwa na uhuru usiotimiza hata mwaka. Aliyebeba bendera yetu siku ya ufunguzi alikuwa mwana wa Mombasa, Seraphino Antao, mshindi wa mbio mbili za kasi kule Perth mwaka 1962. Macho ya wengi, hasa sisi wa Pwani, yalikuwa kwa Antao. Nishani ikaja kutoka kwa yule mwanajeshi wa Kericho.

Ilikuwa tarehe 16 Oktoba, fainali ya mita 800. Peter Snell wa New Zealand alishinda kwa dakika 1 na sekunde 45.1, Bill Crothers wa Kanada akawa wa pili, na Kiprugut wa tatu kwa 1:45.9, akimtangulia kwa unywele George Kerr wa Jamaica. Shaba hiyo ndiyo nishani pekee Kenya iliyorudi nayo kutoka Tokyo. Ametufungulia mlango mtu huyu, na wengi waliopita baadaye hawakujua nani alikuwa bawabu.

Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Afrika ya Brazzaville, alitwaa dhahabu mbili, ya mita 400 na ya mita 800. Mwenye kuzijua mbio atatambua uzito wake. Mita 400 ni kasi tupu. Mita 800 ni kasi iliyofungwa mzigo wa pumzi. Mtu anayeziweza zote mbili bado ana akiba.

Kisha ikaja 1966, Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston. Katika yadi 880 Noel Clough wa Australia alimshinda, naye akachukua fedha. Hapa ndipo mimi, lau ningalikuwako barazani, ningaliinua kidole na kusema basi. Umri miaka 28, na kijana asiyetajwa sana amempita. Snell, aliyemshinda Tokyo, alikuwa ameshatundika viatu tangu 1965, akiwa na miaka 26 tu. Kwa hesabu ya kawaida mkimbiaji wa masafa haya hufikia kilele kati ya miaka 22 na 27 hivi, kwa sababu kasi ndiyo inayotangulia kutoka mwilini. Pumzi hubaki nyuma, kama mgeni asiyejua kuaga.

Lakini nahodha hapimi tanga kwa mwaka lilioshonwa. Hulitazama linavyoshika upepo. Mwalimu wa mbio naye ana vipimo vyake: je, mita 200 za mwisho bado zinatoka? Baada ya zoezi zito mwili unarudi kwa siku moja au kwa tatu? Maumivu madogo ya mguu yanapona au yanahama tu kutoka kano hii kwenda ile? Kushindwa mara moja hakumo katika maswali hayo, kwa sababu kushindwa kuna mtu wa pili ndani yake, naye ni yule aliyeshinda.

Tarehe 15 Oktoba 1968, mjini Mexico, Kiprugut alisimama tena katika fainali ya Olimpiki. Alikuwa na miaka 30. Kando yake alikuwako Ralph Doubell wa Australia, kijana wa miaka 23. Kiprugut hakukimbia kama mzee anayejificha kundini akingoja bahati. Alitoka mbele tangu mwanzo, akamaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 51 hivi, wenzake wakimfuata kama mashua zinazovutwa. Walipotoka kona ya mwisho alikuwa bado mbele. Doubell akamjia kwa nje na kumpita, akamaliza kwa 1:44.3, sawa na rekodi ya dunia aliyoiweka Snell mwaka 1962. Kiprugut alifika kwa 1:44.5.

Hebu tuziweke saa hizo mbili pamoja. Akiwa na miaka 26 alikimbia 1:45.9 akapata shaba. Akiwa na miaka 30 akakimbia 1:44.5 akapata fedha. Najua kuna watakaopinga, na wana haki. Uwanja wa Tokyo ulikuwa wa vumbi la makaa, ule wa Mexico ulikuwa wa mpira, wa kwanza wa namna hiyo katika Olimpiki, na mguu huruka vizuri juu yake. Tena Mexico iko mita 2,240 juu ya bahari, hewa ambayo mtu wa Kericho aliizoea tangu utotoni. Haya yote ni kweli. Lakini Doubell hakukulia mlimani, na alikimbia uwanja ule ule siku ile ile. Ondoa nusu sekunde kwa ajili ya uwanja, ondoa zaidi ukipenda. Bado huwezi kunionyesha mtu aliyeshuka. Mimi nahukumu kwamba siku ile Kiprugut alikuwa juu kuliko siku zote za maisha yake, na akashindwa.

Kosa langu moja nalo kwake, kama ni kosa, ni kwamba aliwavuta wengine. Angalimwachia mtu mwengine kukata upepo, huenda zile sehemu mbili za sekunde zingalibaki kwake. Ila huo ni uchaguzi wa mbinu, si dalili ya uzee.

Mfano wa upande wa pili ulikuwa katika timu ile ile. Naftali Temu wa Kisii, jirani wa nchi ya chai, alishinda mita 10,000 siku mbili kabla, dhahabu ya kwanza ya Kenya, akiwa na miaka 23. Nani angalithubutu kumwita aliyekwisha? Miaka minne baadaye, Munich, hakuvuka mchujo. Doubell naye hakupanda tena jukwaa la Olimpiki.

Baada ya Mexico Kiprugut aliziacha mbio kubwa. Edinburgh mwaka 1970 dhahabu ya mita 800 ilichukuliwa na Robert Ouko wa Kisii, na Munich shaba ikaenda kwa Mike Boit. Kiprugut alirudi kwao Kericho, akaishi kwa ukimya miaka mingi. Dhahabu ya Olimpiki ya masafa yale Kenya iliipata mara ya kwanza Seoul mwaka 1988, kwa miguu ya Paul Ereng, yeye Kiprugut akiwa na miaka 50. Aliishi hata akaona David Rudisha, kijana wa Kilgoris, akishinda London na kisha Rio. Ajali yake ilimfika tarehe 1 Novemba 2022, akiwa na umri wa miaka 84.