Chuck Cooper na Msimu wa 1950

Wanachuo wenzangu, nyie mnaokesha hosteli mkibishana nani mkali kati ya Jordan na LeBron, leo nawaletea jamaa ambaye jina lake halitajwi kabisa kwenye ubishi huo. Anaitwa Charles Henry Cooper, maarufu kama Chuck. Ndiye mchezaji mweusi wa kwanza kuchaguliwa na timu ya NBA. Alifariki mwaka 1984, sisi wengi hata hatujafikiriwa kuzaliwa.

Alizaliwa Pittsburgh, Marekani, Septemba 29, 1926. Baba yake alikuwa anasambaza barua za posta, mama yake alikuwa mwalimu (watu wa kozi ya elimu tunaruhusiwa kutamba kidogo hapo). Alisoma muhula mmoja chuo cha West Virginia State, akaitwa jeshi la majini wakati wa vita, na vita vilipoisha akarudi nyumbani kusoma Duquesne, chuo cha hapo hapo Pittsburgh.

Desemba 1946, akiwa mwaka wa kwanza, Duquesne walipangiwa mechi na chuo kikuu cha Tennessee. Watu wa Tennessee wakafika, wakaambiwa kuna mchezaji mweusi, wakasema huyo asipowekwa benchi hawachezi. Duquesne hawakukubali kumfungia mlango mchezaji wao kwa ajili ya wageni. Mashabiki walikuwa wameshajaa ukumbini, ikabidi warudi makwao. Mechi haikuchezwa.

Mimi kwetu ni Same, na nilipoisoma habari hii nilikumbuka mbiru. Kwa wasiojua, mbiru ni kodi ambayo serikali ya Mwingereza iliwapangia Wapare, kila mtu kiwango chake kwa kukadiriwa mali aliyonayo. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani hadi Same kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, wakapiga kambi, wakagoma. Walioshuka hawakuwa wale tu waliokadiriwa vibaya. Ndiyo maana nadhani mzee wa Kipare ukimsimulia kwamba timu nzima iliacha mechi kwa sababu ya mwenzao mmoja, hatashangaa sana.

Sasa twende 1950. NBA ilikuwa ligi changa. Ilianza 1946 kwa jina jingine, ikapata jina la NBA 1949, na timu zilikuwa zinakufa kama vibanda vya chipsi nje ya geti la chuo. Wachezaji weusi hawakuwemo. Waliojua kikapu walichezea Harlem Globetrotters, timu ya maonyesho ya Abe Saperstein, na wenye timu za NBA walimwogopa Saperstein kwa sababu Globetrotters ndio walikuwa wanawajazia kumbi. Ukimchukua mchezaji aliyemtaka yeye, anakususia.

Aprili 25, 1950, wenye timu walikutana Chicago kuchagua wachezaji wapya. Raundi ya pili, Walter Brown, mwenye Boston Celtics, akamtaja Cooper. Mwenzake mmoja akamkumbusha kwamba huyo ni mweusi. Brown akajibu kwamba rangi haimhusu, yeye anachukua mchezaji. Siku hiyo hiyo, raundi za mwishoni, Washington Capitols wakamchukua Earl Lloyd. Baadaye New York Knicks wakamnunua Nat Clifton kutoka kwa Globetrotters wenyewe. Kwa hiyo walikuwa watatu. Lloyd aliingia uwanjani Oktoba 31, Cooper akafuata Novemba 1 dhidi ya Fort Wayne Pistons, na Clifton siku chache baadaye. Wanaopenda kubishana nani wa kwanza wana kazi hapo. Mwenyewe Cooper hakupenda kujifananisha na Jackie Robinson wa besiboli, maana Robinson aliingia peke yake mwaka 1947 na kubeba matusi yote peke yake.

Msimu wenyewe ulikuwa na vituko. Bob Cousy, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa Celtics, alifika Boston kwa bahati nasibu: timu ya Chicago Stags ilikufa, majina ya wachezaji wake watatu yakawekwa kwenye kofia, Brown akachomoa la Cousy bila kulitaka. Novemba 22, Fort Wayne waliamua kuushika mpira tu ili George Mikan wa Minneapolis asiupate, na mechi nzima ikaisha 19 kwa 18. Hakukuwa na sheria ya sekunde 24, hiyo ilikuja 1954. Na Januari 1951, katikati ya ligi, Washington Capitols ikafungwa kabisa.

Kwa Celtics mambo yalinyooka. Msimu uliotangulia walishinda mechi 22 na kupoteza 46. Huu, chini ya kocha mpya Red Auerbach, walishinda 39 na kupoteza 30, ingawa Knicks waliwatoa mapema kwenye mtoano. Cooper alicheza mechi 66, wastani wa pointi 9.3 na ribaundi 8.5. Ukiangalia pointi peke yake utasema mchezaji wa kawaida. Lakini kazi aliyopewa ilikuwa kukaba majitu, kugombea mipira chini ya ringi na kuwapa wengine wafunge. Kwetu siku ya msaragambo, mfereji ukishapitisha maji, husikii aliyebeba mawe akitajwa. Cooper alilijua hilo na lilimuuma. Miaka ya baadaye alilalamika waziwazi kwamba hakupewa nafasi ya kufunga kama wenzake, na mimi naona alikuwa na haki.

Nje ya uwanja ndiko kulikuwa na shughuli. Mwaka 1952 Celtics walikwenda Raleigh, North Carolina, hoteli ikakataa kumlaza Cooper. Akaamua kupanda treni ya usiku, na Cousy akasema hamwachi, akaondoka naye. Stesheni wakakuta vyoo vina vibao, cha weupe na cha weusi. Cousy aliona aibu mpaka akakosa la kumwambia mwenzake. Tusidhani hayo ni ya Marekani tu. Tanganyika ya wakati huo shule na hospitali zilitengwa pia, za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali.

Boston walimwachia 1954 akaenda Milwaukee Hawks, akamalizia Fort Wayne. Jumla ya mechi 409 za ligi. Kisha akafanya kitu ambacho mastaa wengi hawafanyi: akarudi darasani. Mwaka 1961 alipata shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii chuo kikuu cha Minnesota, akarudi Pittsburgh kufanya kazi na watu wa mitaa aliyokulia. Alikuja kuongoza idara ya bustani na michezo ya jiji, mweusi wa kwanza kuongoza idara katika jiji hilo, halafu akafanya kazi benki. Saratani ya ini ilimchukua Februari 5, 1984, akiwa na miaka 57.

Lloyd aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mpira wa kikapu 2003. Clifton 2014. Cooper, aliyetajwa wa kwanza siku ile Chicago, aliingizwa 2019.