Gertrude Elion: Msiba Uliozaa Dawa

Gertrude Elion alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1918. Alipokuwa na miaka 15, saratani ilimwua babu yake mpendwa. Ndipo alipoamua kutafuta dawa. Alisoma kemia, lakini maabara zilimkataa kwa kuwa ni mwanamke. Mwaka 1944 akaajiriwa kuwa msaidizi wa George Hitchings. Baadaye kikundi chake kilitengeneza asikloviri, dawa inayoamshwa na kimeng'enya cha virusi vyenyewe, hivyo seli zenye afya husalimika. Wengi wetu tunamjua mgonjwa wa mkanda wa jeshi aliyepewa dawa hiyo. Bila shahada ya uzamivu, alishiriki Tuzo ya Nobeli mwaka 1988. Alifariki mwaka 1999. Nasi tujiulize: huzuni zetu zinatuita kumhudumia nani?