Maisha ya Marehemu Tom Mboya na Mfuko wa Nauli za Wanafunzi

Ni desturi ya chama chetu kuweka katika taarifa ya mwaka, kabla ya kurasa za hesabu, habari za maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake yafaa kufikiriwa na wanachama. Safari hii tumemchagua marehemu Thomas Joseph Mboya. Twajua wako watakaouliza kwa nini tumetoka Meru na Embu kwenda kumtafuta mtu wa Ziwani. Sababu ni kwamba yeye alipambana na shida ile ile inayoletwa mbele ya kamati yetu kila shule zinapofunguliwa: mtoto amekwisha pata nafasi, barua anayo mkononi, lakini hana nauli ya kumfikisha.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa nyapara. Asili ya wazazi wake ni kisiwa cha Rusinga. Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki, kwanza Kabaa katika nchi ya Ukambani, kisha Yala, na mwisho Mangu, ambako alifanya mtihani wa cheti mwaka 1947. Masomo yake yakaishia hapo. Hakukosa akili wala bidii. Kilichokosekana ni karo, kwa maana mshahara wa nyapara haukutosha kumsomesha yeye na wadogo zake pamoja.

Mwaka 1948 aliingia Shule ya Jeanes, Kabete, kujifunza kazi ya Bwana Afya, kwa kuwa huko mwanafunzi alipata posho badala ya kudaiwa karo. Jina la shule hiyo lenyewe lina historia. Anna Jeanes alikuwa mama wa Philadelphia, Marekani, ambaye mwaka 1907 alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za watu weusi wa kusini mwa nchi ile. Hakupata kuiona Kenya. Hata hivyo jina lake lilifika Kabete, na chini ya jina hilo kijana wa Rusinga akapata kazi ya kumlisha.

Kazi ya Bwana Afya katika Halmashauri ya Mji wa Nairobi ilimwingiza katika mambo ya vyama vya wafanya kazi, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi wa Kenya. Hapo ndipo maisha yake yalipokutana na ya watu wetu. Nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Shule za kujitegemea zilizojengwa na wazazi kwa fedha zao zilikuwa zimefungwa. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kupelekwa vizuizini, wenye makosa na wasio na makosa. Mboya alikuwa na umri wa miaka 23. Chama cha siasa cha Waafrika kilikuwa kimekwisha pigwa marufuku mwaka 1953, na ofisi ya Shirikisho ikawa mojawapo ya mahali pachache ambapo malalamiko ya watu hao yaliweza kusemwa hadharani.

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Mboya alishinda Nairobi. Katika Jimbo la Kati, ambako Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha uaminifu kwa Serikali, aliyeshinda ni Bernard Mate wa Meru, naye akamshinda Eliud Mathu, mzee wa Baraza lile. Mwaka uliofuata Jeremiah Nyagah wa Embu aliongezwa. Hivyo Mboya alikaa katika kiti kimoja cha siasa na watu wa milimani, wakidai mambo yale yale.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1956, alipokuwa akisoma katika chuo cha Ruskin, Oxford, Mboya alialikwa Marekani, na huko akafahamiana na kijana mfanya biashara, William Scheinman, aliyeuza vyombo vya ndege. Wawili hao walianza kwa udogo kabisa. Mwanafunzi huyu akipata nafasi ya chuo, walitafuta wa kumlipia safari. Kesho yake wakamtafutia mwingine. Hapakuwa na mfuko wala katiba. Lakini idadi ya barua iliongezeka kuliko mifuko yao. Makerere kilikuwa chuo kikuu pekee kwa nchi zote za Afrika ya Mashariki, na nafasi zake zilikuwa chache mno, na Royal Technical College ya Nairobi ilikuwa imefunguliwa mwaka 1956 tu. Vijana wenye vyeti waliandika wenyewe kwa vyuo vya Marekani, na vingi vikawajibu kwa ukarimu. Vyuo vilitoa masomo. Nauli ya kuvuka bahari havikutoa.

Mwaka 1959 Mboya alirudi Marekani, akazunguka kwa majuma kadhaa akihutubia, na kutokana na safari hiyo ukaundwa mfuko ulioitwa African-American Students Foundation. Jackie Robinson, mchezaji mashuhuri wa besiboli, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia sahihi barua ya kuomba michango kwa umma. Badala ya kununua tikiti moja moja, mfuko ulikodi ndege nzima. Mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 walishuka New York.

Yatupasa kusema wazi kwamba fedha za ng'ambo zililipia ndege, wala hazikutosha kwa yote. Nguo za baridi na fedha za mfukoni zilitoka nyumbani. Wazee waliuza mbuzi na ng'ombe, akina mama walifanya karamu za chai za kuchanga fedha, vijana wakafanya dansi za kiingilio. Mtu asomaye habari za ndege zile katika vitabu vya wageni aweza kudhani kwamba zilikuwa zawadi tupu.

Kwa mwaka 1960 wanafunzi waliongezeka sana, na wengine walitoka nchi jirani. Serikali ya Marekani iliombwa isaidie, ikakataa. Tarehe 26 Julai 1960 Mboya alikwenda nyumbani kwa Seneta John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na baada ya mazungumzo yao mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000, yaani zaidi ya paundi 35,000 za wakati ule. Ndipo Wizara ya Mambo ya Nje ikakumbuka kwamba nayo ina fedha! Jambo hilo likawa ugomvi wa uchaguzi wa Marekani, lakini ndege ziliondoka. Hadi mwaka 1963 karibu wanafunzi 800 walikuwa wamesaidiwa. Mmoja wa waliokwenda mwaka 1960 ni Wangari Maathai, mtoto wa Nyeri, upande wa pili wa mlima wetu, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Kuna kosa moja tungependa kulisahihisha: Barack Obama, baba wa rais wa zamani wa Marekani, hakupanda ndege ya mwaka 1959. Alikwenda Hawaii kwa msaada wa watu wengine, ijapokuwa mfuko ulimsaidia baadaye.

Walikuwapo walioipinga kazi hii. Maofisa wa kikoloni walisema vyuo vingine vya Marekani ni hafifu. Wengine, Waafrika wenyewe, walinung'unika kwamba Waluo na Wakikuyu walipata viti vingi kuliko makabila madogo. Sisi wa Meru na Embu hatuwezi kulipuuza neno hilo, lakini kwa maoni yetu chanzo chake si upendeleo peke yake. Kiti cha ndege alipewa aliyekwisha pata barua ya chuo, na barua aliipata yule ambaye mwalimu wake alijua anwani za vyuo, na ambaye posta haikuwa mbali. Katika miaka ya Hali ya Hatari kijana wa Tharaka au wa Mbeere alihitaji pasi hata ya kutoka wilayani kwake. Mfuko ulioanza kwenye nauli ulimkuta huyo akiwa bado nyuma ya nauli.

Mwezi wa Januari 1962 Mboya alimwoa Pamela Odede, aliyekuwa amesoma Ohio kwa njia ya mfuko huo huo. Baada ya hapo alikuwa Waziri wa Kazi, kisha wa Sheria na Katiba, na tangu mwaka 1964 Waziri wa Mipango ya Uchumi. Mambo ya siasa ya miaka hiyo si kazi ya taarifa hii. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi katika Government Road, Nairobi, ambayo sasa yaitwa Moi Avenue, alipokuwa akitoka duka la dawa. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alizikwa Rusinga.

Hesabu za mwaka zinafuata katika kurasa zijazo. Wanachama wataona kwamba kamati imetenganisha fungu la nauli na fungu la basari, na kwamba pameongezwa fungu la tatu, dogo, la stempu, picha na ada za maombi kwa wanafunzi wa shule zilizo mbali na barabara kuu.